Asiatique wanazaliwa tu, hawafi: jedwali nililopanga Bujumbura wakati wa vita

Habari zenu wakuu. Hii sijaisikia kwa mtu, imenipata mimi mwenyewe, na sehemu inayoniaibisha sijaitoa.

Wakati wa vita nilikuwa karani Bujumbura, kwenye ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Mtu anakuja, anataja mtaa wake, naandika. Kazi ya kukaa kitini, nilijiona nimeyapatia maisha.

Siku moja mkuu wetu, tulimwita chef, mzee mpole ila kucheka hajui, akaniambia nipange jedwali. Kila mtaa, waliozaliwa upande huu, waliokufa upande ule. Alitaka kulinganisha wapi hali ni mbaya zaidi, ijulikane wakunga na dawa vipelekwe wapi.

Nikapanga.

Ruziba, kule kusini kwa wavuvi na wakulima, vifo vimejaa, vizazi vya kutafuta. Ngagara, ninakokaa mimi, hivyo hivyo.

Halafu Asiatique. Mtaa wa maduka, wakuu, ya vitenge na masufuria. Watoto wamejaa mpaka kurasa za nyongeza, vifo karibu hakuna.

Chef akavua miwani. "Asiatique watu wanazaliwa tu, apana kufa?"

Akaniagiza niwaite wazazi, nisahihishe. Mimi nikaona ni uzembe wa akina mama tu, nikawaita kwa mbwembwe zote. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Wa kwanza alikuwa mama muuza ndagala, dagaa wa kwetu, mtoto mgongoni. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa ameandikisha mambo mawili: kifo cha mume wake, mtaa Ruziba, na kuzaliwa kwa mtoto wake, mtaa Asiatique. Nikamwekea daftari mbele kama nimemkamata mwizi.

"Maman, baba anakufa Ruziba, mutoto anazaliwa Asiatique. Munakaa wapi kweli?"

Hakubabaika. Alimkaza mtoto mgongoni kwanza.

"Ruziba, papa. Lakini baba yake amekwisha kufa, hakuna mutu atamusimamisha kwa barrière kumuuliza anatoka wapi. Huyu mutoto ndiye watamuuliza. We andika vile unataka, mi sina nguvu."

Kwa wasiojua: siku zile kwenye vizuizi vya barabarani, karatasi ikitaja mtaa wako imeshataja kabila lako. Kulikuwa na mitaa ya hawa na mitaa ya wale. Asiatique ilikuwa ya maduka, ya kila mtu. Ukisema unatoka huko, hawajui wakuweke upande gani.

Nilishika kalamu, macho yananichoma. Nilimwonea huruma, na nilijionea haya.

Nikafunga daftari. "Rudi nyumbani, maman. Sijaandika kitu."

Nikaenda kumweleza chef. Akavuta lile jedwali, akaandika chini kwa mkono wake "Limehakikiwa", akatia saini. Hakuniangalia.

Sijui kama Ruziba walikosa mkunga kwa sababu karatasi yetu ilionyesha hawazai. Hilo linaniuma mpaka leo, na wa kumuuliza sina.

Miezi michache baadaye mke wangu akajifungua binti, nyumbani kwetu Ngagara. Siyo Ruziba, wakuu. Upande mwingine kabisa, kabila lingine, vizuizi vingine, hofu ile ile ya yule mama. Daftari nilifungua mwenyewe. Nilipofika kwenye mtaa sikusita, nikaandika Asiatique.

Juzi binti anajaza fomu, akaniuliza, "Papa, ile nyumba yetu ya Asiatique ilikuwa upande gani?"

Nikamwambia avute kiti.

Nilichojifunza ni hiki: tangu siku ile nikiletewa jedwali la watu, nauliza kwanza walikuwa wanamwogopa nani walipokuwa wanajibu.

Sasa niwasikie na nyie, hata mnaoona nilikosea. Na kama karatasi yako inasema umezaliwa Asiatique, na kwenu hakuna aliyewahi kukaa huko, andika hapa chini ulizaliwa wapi kweli. Huenda ni mimi niliyekuandika.