Mshonaji anayepimia meza za jikoni kwa karatasi ya sima

Saa mbili asubuhi, Mukarugwiza amesimama jikoni kwa Nadra, hapa mjini Gisenyi, futi ya kushonea ikiwa shingoni na chaki mkononi.

"Mama Muhamadi, simama hapa. Kanda."

"Nikande nini? Unga iko wapi?"

"Kanda hewa tu."

Nadra, ambaye chapati zake hununuliwa kila siku na akina mama wanaovuka mpaka kwenda Goma, anacheka mpaka anashika ukuta. Kisha anakunja mikono ya gauni na kukanda hewa. Mukarugwiza anapima kutoka sakafuni hadi chini kidogo ya kiwiko, anachora mstari ukutani. Sentimita themanini na mbili.

"Ayi! Kumbe mi mufupi hivyo?"

"We si mufupi. Ile meza ya zamani ndiyo ilikuwa murefu. Ndiyo sababu mabega inakuuma."

Kwa miaka kumi na mmoja Mukarugwiza, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, alishona magauni kwenye baraza karibu na soko. Cherehani yake ilipotea mwaka wa vita, na hakupata nyingine. Alipokosa kazi, alikwenda kwa Gasana, fundi anayekata mabamba ya jiwe kwa ajili ya meza za jikoni, akamwomba amwache apime.

"Nilimuambia, mutu na jikoni ni mamoja," anasema. "Vyote viko na kiuno, viko na mabega, na hakuna kimoja kilichonyooka."

Wiki ya kwanza nusura imfukuzishe. Alipima kwa futi yake ya kitambaa. Futi ile, kwa kuvutwa miaka yote hiyo viunoni mwa watu, ilikuwa imerefuka bila yeye kujua. Kwenye gauni, hitilafu hiyo hufichwa na mshono. Kwenye jiwe haikufichika: bamba lilipofikishwa kwa mteja, lilipungua sentimita mbili.

"Gasana alitukana mpaka sauti ikakauka. Mi nililia, halafu nikaanza kufikiri."

Tangu hapo anatumia futi ya chuma kwa namba. Lakini umbo halisi la meza hulikata kwanza kwa karatasi ya mifuko ya sima, yaani saruji, kama fundi anavyokata kielelezo cha gauni kabla ya kugusa kitambaa. Nyumba nyingi za hapa zimejengwa kwa mawe ya volkano, na kuta zake huingia na kutoka zipendavyo. Karatasi huzifuata.

Kwa kila jiko Gasana humlipa faranga elfu tatu. Mwezi mzuri huleta majiko matano. Anapanga chumba kimoja na binti yake Mutoni, aliye darasa la nne, na hupika nje, ameinama juu ya jiko la makaa lililowekwa chini.

Kazi ya leo si kama nyingine. Bamba lililokuja kwa lori kutoka Kampala lina urefu wa mita mbili na sentimita themanini. Gasana alipita hapa juzi, akapima haraka kwenye ukuta wa nyuma, akapata mita moja na tisini. Kitakachobaki amemwahidi Mukarugwiza, awe na meza yake.

Meza hiyo anaijua vizuri. Karatasi yake ya sentimita tisini imekunjwa chini ya godoro tangu mwaka jana. Sentimita sitini ni za kukata mboga na kukanda. Thelathini ni za daftari la Mutoni, aandike masomo yake karibu na mama anapopika.

Anaweka mbao mbili kwenye mstari wa chaki, anatandaza karatasi juu yake, anaunganisha vipande kwa pini. Anabana kona kwa kidole. Anakata. Kisha anapima upande wa mbele kwa chuma. Anapima tena.

Mita moja na tisini na nne. Ukuta wa kulia umefunguka kwa mbele, na Gasana hakupima mbele.

Gasana mwenyewe anaingia, anainama kutazama. Anaielewa hesabu mara moja.

"Bon, kata moja na tisini," anasema kwa sauti ya chini. "Hapo kwa kona tutajaza sima. Nani ataona?"

"Ule anayepika ataona. Unga itaingia humo, maji itaingia, mende itafuata."

"Lakini we Mukaru, ni jiwe yako hiyo unakata!"

"Najua ni yangu, shefu," anamwambia bosi wake.

Nadra amesikia yote. Anafuta mikono ambayo haina unga. "Dada, kama ni sima kidogo tu, mi sina neno," anasema.

"Utakuwa na neno siku ya mende," Mukarugwiza anamjibu, na wote watatu wanacheka, ingawa yeye ndiye wa kwanza kurudi kwenye karatasi. Anaandika namba kwenye karatasi kwa chaki: 194. Anapiga mstari chini yake.

Alasiri, kwenye karakana, msumeno unanyamaza na vumbi linashuka. Karatasi ya Nadra imelala juu ya jiwe lake, ukingo kwa ukingo. Kipande kilichobaki kina sentimita themanini na sita. Gasana anakifuta kwa kitambaa chake mwenyewe na kukiegemeza ukutani, mbali na vingine.

Mukarugwiza anatoa ile karatasi ya chini ya godoro, ambayo leo alikuja nayo kwenye mfuko. Anaitandaza juu ya kipande. Inazidi. Anachukua mkasi na kukata ukanda mwembamba wa sentimita nne, upande wa kukatia mboga. Upande wa daftari haugusi.

Kiwanja anacho, huko Nyakiriba, alichoachiwa na mama yake. Sasa kuna maharage tu. Yakivunwa, anataka kuchimba msingi, na ameshajua ataanzia wapi: jikoni.

"Wengine banajenga nyumba, halafu banatafuta meza inayoingia," anasema, akikunja karatasi. "Mi niko na meza. Ukuta yangu haijajengwa bado. Donc, basi, ukuta ndio itasogea."