Gari Jeupe Lililotufuata Kutoka Musanze

Sisi tuliokulia Mbugangari, mtaa wa mpakani unaotazamana na Goma, enzi zile tulifundishwa kushuku kabla ya kufundishwa kusoma. Sisemi hivyo kwa aibu. Mama yangu alivuka mpaka kila asubuhi kwenda Goma na beseni la nyanya kichwani, akarudi jioni na vitenge au sabuni, na huko katikati alikuwa amekutana na binadamu wa kila namna: wenye noti bandia, wenye mizani iliyolala upande mmoja, wenye kujifanya binamu wa binamu yake. Akiketi kwenye kigoda kuvua viatu, alitupa somo la siku. "Mutu akikuchekea mingi, shika mufuko yako." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yetu ya jioni, mimi na dada yangu Odette, ambaye mpaka leo namwita Yaya kwa kuwa alinitangulia miaka miwili.

Nakumbuka harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa kwa mawese mpaka mafuta yanaimba. Tukiwekewa sahani moja, Yaya alinishuku nimechagua wanono, mimi nilimshuku amewafukia wawili chini ya ugali, basi tulikula tukitazamana mikono. Shuleni kalamu ya risasi moja ilikatwa vipande viwili, na kila mtu aliuma chake mwishoni ili alama za meno ziwe ushahidi. Mpira wetu ulikuwa wa majani ya migomba, viatu vyetu vilikuwa vumbi jeusi la volkano. Na bado tulikuwa na mali za kulinda!

Halafu kulikuwa na Mzee Sembagare, mkodishaji wa baiskeli. Sisi tuliziita kinga, kama watu wa Goma. Alikuwa nazo tatu, zenye breki zilizofanya kazi kwa zamu. Ukitaka kuzunguka mtaa, pamoja na sarafu yako ulimwachia sandali ya mguu wa kulia, ili usije ukatokomea na kinga yake. Watoto wengine walirukia tu na kwenda. Yaya, hapana. Alichuchumaa, akagusa pedali, akavuta mnyororo, akapitisha kidole kwenye spoki moja moja. "Hapa iko na jeraha, unaona, Mzee? Usiseme kesho ni sisi." Mzee Sembagare hakukasirika. Alitikisa kichwa kwa heshima kabisa, akasema, "Huyu mutoto, hakuna mutu atamudanganya."

Watoto wa siku hizi hawaijui elimu hiyo. Nafundisha Kiswahili sekondari moja huko Rugerero, na nimewaona wanafunzi wangu wakiweka programu mpya kwenye simu. Yanatokea maandishi marefu kama barua ya kesi, nao wanabonyeza "nakubali" hata jicho halijatua. Ningeweza kuwatungia humo kwamba wamekubali kunilimia viazi maisha yao yote, na wangebonyeza.

Likizo iliyopita Yaya alitutumia ujumbe kutoka Ubelgiji, anakoishi mwaka wa kumi na tano sasa. Anakuja na binti yake Inès, wa miaka kumi na mitatu, ambaye hajawahi kukanyaga kwetu. Halafu akaongeza: msihangaike na usafiri, nitakodi gari palepale uwanja wa ndege Kigali.

Nilishuku hapohapo. Mtu anarudi kwao, anakodi gari kama mtalii? Tuna binamu wawili wenye magari. Na mumewe yuko wapi, yule shemeji aliyekuwa hapitwi na safari? Nilipouliza, Yaya alijibu kwa neno moja tu: kazi. Basi nikahitimisha kwamba kuna mtu amemshawishi kwenye intaneti kukodi gari bovu, na kwamba wajibu wangu kama mdogo wake ni kwenda kumkinga. Nilipanda basi la alfajiri kwenda Kigali.

Uwanjani Yaya alinikumbatia kwa muda mrefu. Alikuwa amekonda. Inès alinisalimia kwa Kifaransa, akajirekebisha, "Habari, mujomba," na moyo wangu ukayeyuka kidogo. Ukaganda tena tulipofika kwenye kaunta ya magari, maana kijana aliyekaa pale alituchekea mingi.

Nilishika mfuko.

Gari lilikuwa la kijivu, safi mno. Usafi ule nao niliushuku. Nililizunguka mara tatu na simu mkononi, nikapiga picha arobaini na moja: milango, taa, vioo, nyayo za matairi, tumbo la gari nikiwa nimelala chali juu ya lami. Nilifungua buti nikataka nionyeshwe tairi la akiba, jeki na spana. Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walianza kukohoa.

"Maman," Inès aliuliza, "mujomba ni polisi?"

"Mujomba wako ni mutu wa Mbugangari," Yaya alijibu, lakini hakucheka kama nilivyotegemea. Alikuwa anasaini karatasi moja baada ya nyingine bila kuzisoma. Yeye! Aliyekuwa akihesabu spoki!

"Yaya, husomi?"

"Nimechoka kusoma makaratasi," akasema.

Kijana wa kaunta alitaka jina na namba ya simu ya mtu wa kuitwa likitokea lolote. Yaya aliandika jina langu, akanisogezea fomu nijaze namba. Niliijaza. Ila tarakimu ya mwisho, saba yangu, niliigeuza moja. Sikuona kosa lolote. Namba ya simu ni kama ufunguo wa nyumba, humpi mtu kwa sababu ana meno meupe.

Yaya akashika usukani, mimi nikakaa pembeni yake, Inès nyuma na simu yake iliyokuwa ikituonyesha njia ambayo mimi naijua tangu kuzaliwa.

Tulisimama Musanze kununua mahindi ya kuchoma. Tulipoondoka, niliona kwenye kioo gari jeupe likitoka nyuma yetu. Tukaongeza mwendo, nalo likaongeza. Likawasha taa, likazima, likawasha. Likapiga honi. Dereva akatoa mkono dirishani na kuupunga juu chini.

"Usisimame," nilimwambia Yaya. "Hao ndio wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Wenye gari. Wana kifaa cha kujua tuliko. Wanakuja na ufunguo wa pili, wanalichukua, kesho wanasema tumelipoteza. Nimesikia habari hizo."

"Mujomba," Inès alisema, "mbona anapunga tu mkono?"

"Ndivyo wanavyoanza."

Yaya alinitazama, akatazama kioo, kisha akakanyaga mafuta na kucheka kwa mara ya kwanza tangu atue. Kwa kona kama tano hivi tulikuwa tena watoto wawili juu ya kinga moja, yeye akikanyaga pedali, mimi nyuma nikitoa amri. Tulipofika Kanzenze gari jeupe lilikuwa limezibwa na lori la viazi. "Kata hapa!" nilipiga kelele, naye akakata bila kuuliza, tukaingia kwenye njia ya mawe meusi katikati ya mashamba. Tukajificha nyuma ya ghala la viazi, injini imezimwa. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia aliegemea jembe lake, akatuuliza kwa Kinyarwanda kama tumeiba.

"Bado," nilimjibu, naye akarudi kwenye viazi vyake.

Tulikaa pale nusu saa. Inès alishuka kupiga picha za milima. Yaya alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari limesimama.

"Kuna kitu nataka kukuambia," alianza.

"Ngoja," nikamwambia, kidole mdomoni. "Nasikia gari linapita."

Lilikuwa linapita kweli. Lilikuwa basi. Nilipogeuka tena, Yaya alikuwa amekwisha kuwasha injini.

Tulifika Mbugangari saa kumi na moja jioni, na mbele ya lango la Mama lilikuwa limeegeshwa gari jeupe.

Nilishuka kabla halijasimama vizuri. Uani, Mama alikuwa kwenye kigoda chake, na mbele yake, kwenye benchi, kijana mmoja amekaa magoti pamoja kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mkuu wa shule. Alikuwa akijieleza kwa Kinyarwanda. Mama, ambaye Kinyarwanda ndicho cha nyumbani kwake, alikuwa akimjibu kwa Kiswahili cha sokoni Goma. Humfanyia hivyo mtu asiyemwamini.

"Huyu iko anasema anatafuta Odette," Mama alitutangazia. "Adresi ya hapa alipata wapi, mi sijui. Nimemunyima chai mupaka mufike."

Kijana akasimama, akajitambulisha kuwa ni Fidèle, dereva wa kampuni ile ya magari. Akatoa bahasha kwenye koti. Ndani mlikuwa na pasi mbili za kusafiria, ya Yaya na ya Inès.

"Mlizisahau kaunta," alisema. "Mimi nilikuwa naleta gari hilo jeupe kwa wageni wa hoteli huku ziwani, wenzangu wa kaunta wakaniambia niwapitishie njiani. Nimewapigia taa, nimewapigia honi. Na nimepiga simu mara saba." Akakunjua nakala ya fomu, ile iliyompa adresi ya hapa, akanyoosha kidole kwenye namba niliyoiandika kwa mkono wangu. "Anapokea mama mmoja wa Huye. Sasa ameniambia nikimsumbua tena ataniitia polisi."

Mama aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. Inès naye alicheka. Mimi niliangalia sandali zangu.

Yaya hakucheka. Alichukua ile fomu, akaiangalia, akaniangalia.

"Hii si namba yako."

"Yaya, nilidhani ni matapeli..."

"Mi nilikuandika we," alisema taratibu, kwa Kiswahili chetu cha utotoni, kile ambacho nilidhani Ulaya ilikwisha kumfuta. "Kama kitu inanipata mu barabara, na mutoto huyu, ni we wanaita. Sina mutu mungine."

"Na bwana yako?" Mama akauliza.

Inès aliinama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Tuliachana, Mama. Inapata mwaka sasa."

Nilitazama usoni kwa Mama nikitafuta mshangao, sikuuona. Aliinuka, akajipangusa kitenge, akaenda kumshika Yaya kidevu kama anavyokagua nyanya.

"Nilijua," alisema. "Ile picha ya Noeli ulituma, ulisimama katikati ya mulango peke yako. Mulango ya watu wawili. Nikashuku."

"Na haukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja ufike. Mambo ya vile haisemwake kwa telefone."

Ndipo Yaya alipolia, kichwa kwenye bega la Mama, na lile begi lake dogo bado likining'inia mkononi. Fidèle wa watu alianza kurudi nyuma kuelekea lango. Mama, bila kugeuka, akamwambia, safari hii kwa Kinyarwanda: "Na wewe kaa, chai inakuja." Akakaa. Alikula sambaza kwa kupendeza, kisha akatoa kalamu na kuniomba kwa adabu, kama haitakuwa taabu, namba sahihi. Nilimpa. Aliipiga palepale kuhakikisha, na sikumlaumu hata kidogo.

Nililala vibaya. Picha arobaini na moja za gari la watu zilikuwa kwenye simu yangu, na sikuwa na hata moja ya dada yangu akishuka kwenye ndege. Asubuhi nilimkuta uani akiosha vyombo, nikamwomba radhi kwa ile namba. Na kwa Kanzenze zaidi.

"We unaangalia kama Mama," alisema. "Ila uliangalia gari." Akasuuza sahani, akaiinamisha. "Unajua kule ninakoishi? Hakuna anayenishuku. Natoka, narudi, nabeba mufuko mukubwa, mudogo, hakuna mutu anauliza uko na nini ndani. Mwaka muzima bwana hayuko, jirani hata hajajua. Mwanzoni nilisema, ah, bon, hii ndiyo amani."

Akachukua sahani nyingine, nami nikashika kitambaa cha kufutia.

Enzi zetu kuulizwa kulikuwa bure. Hukuvuka uchochoro wa Mbugangari bila mama wa watu kutoa kichwa dirishani: umetoka wapi, mbona umechelewa, hicho kitenge cha nani, mbona macho mekundu? Tuliona ni kero, tukaapa tukikua tutakwenda pasipo na madirisha. Tumekua. Uchochoro umewekewa mawe mazuri, nyumba zina kuta ndefu na mageti ya chuma, na majirani wapya wanasalimiana kwa honi. Vijana wanasema ndiyo maendeleo, kila mtu na mambo yake. Huenda wana haki.

Yaya amerudi Ubelgiji. Kila Jumamosi nampigia, na simwachi. Jana nilimuuliza amekula nini, na nani, kwa nini sauti yake nzito, na hiyo redio ninayoisikia nyuma ni ya nani.

"We mutoto unasumbua!" alinifokea.

Kisha akanijibu yote, moja moja, kwa saa nzima.