Mdomo wa Rejeta
Gereji nzima ilimwita Pima, kwa sababu hakukata bati kabla ya kulipima mara tatu. Kaka yake alipofariki aliacha gari la spoti la zamani, la viti viwili, ambalo bati lake la mbele alilifua mwenyewe kwa nyundo. Injini yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo Pima alimfungia shemeji yake, mjane wa marehemu, injini nyingine, kubwa zaidi. Lakini kila walipopanda mlima, maji yalichemka.

Pima alipima, akaona rejeta, kile kipoza maji ya injini, haina kosa. Tundu la kuingizia upepo kwenye bati la mbele ndilo lilikuwa dogo. Injini ile ilitaka upepo karibu mara mbili.

"Shemeji, itabidi nikate hapa," alisema, mkono ukiwa juu ya alama za nyundo ya marehemu.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ingekuwepo, nisingethubutu kukuuliza."

Mjane alilipapasa lile bati, kisha akageukia ukutani. "Kata tu. Mwenyewe alitaka gari litembee."

Pima alikata huku machozi yakimtoka, wala hakujificha. Jioni walipanda mlima hadi kileleni na maji hayakuchemka. Njia nzima shemeji alikuwa amepakata kipande kilichokatwa.