Nyama Kutoka kwa Ndyamukama

Alistidia aliporudi likizo kutoka Bulgaria mwaka wa 1971, mama yake, Klaudia, alimngoja bandarini Bukoba pamoja na wanawake wa parokia. Kabla sanduku halijatua chini, Klaudia alikuwa amekwisha kuwaambia hata wapagazi: "Huyu ndiye daktari wetu."

Daktari alikuwa, au angekuwa baada ya mwaka mmoja. Ila alikuwa daktari wa wanyama. Yeye aliomba kusomea utabibu wa watu. Serikali ikampangia mifugo, kwa sababu nchi ilikuwa inajenga ujamaa na vijiji vilihitaji maziwa. Majira yake ya kwanza ya baridi aliyamaliza kwa kulia. Alikuwa Mwafrika peke yake darasani, na wakulima wa shamba la ushirika ambako wanafunzi walikwenda kujifunza waliacha kazi zao kuja kumtazama akivaa mabuti. Alipoteleza kwenye mavi yaliyoganda, zizi zima lilicheka. Kisha siku moja, theluji ikianguka, alipewa mtamba aliyeshindwa kuzaa. Alitia mkono, akapapasa mpaka akaukuta mguu wa ndama uliokunjika nyuma, akamsukuma ndama ndani kidogo, akaunyoosha ule mguu, akamtoa mzima. Mkulima mzee alivua kofia yake akamfutia damu mkononi. Tangu hapo Alistidia hakulia tena, na kazi ile akaipenda.

Haya alimsimulia mama yake huko nyumbani Kagoma, wakimenya ndizi. Klaudia, mjane wa marehemu Mwalimu Karugendo, mwanamke aliyesomeshwa na masista na kujua thamani yake, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako alizikwa na maparoko watatu," akasema. "Sikukulea nikupeleke Ulaya ukaingize mkono nyuma ya ng'ombe kama mchungaji wa kuajiriwa. Hapa wewe ni daktari. Wakikuuliza daktari wa nini, nyamaza."

Alistidia akanyamaza. Kilichomsumbua baadaye ni jinsi kunyamaza kulivyokuwa kutamu. Alipewa kiti kabla ya wanaume. Alipotaka kupiga magoti kusalimia wazee, walimzuia. Bibi Joviana, jirani yao, alimwonyesha goti lililovimba. Alistidia akalibonyeza vile vile alivyokuwa akibonyeza magoti ya ndama, akamshauri alikande kwa maji ya moto. Bibi akawatangazia wote kwamba mikono ya Ulaya ni mikono mingine.

Jumapili baada ya misa nyumba ilijaa wageni. Walikuwa wakitafuna buni za kahawa na kuzungumza habari za Ulaya ndipo Ndyamukama aliposimama mlangoni, kofia mkononi. Shamba lake lilipakana na lao. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na samadi ya ng'ombe huyo ndiyo iliyoshikilia migomba yake.

"Waitu, waheshimiwa, samahani kwa kuwaingilia," akasema. "Nimemfuata Bwana Mifugo Muleba, nimeambiwa yuko Ngenge, anachanja. Ng'ombe wangu anahangaika kuzaa tangu alfajiri. Naona pua na mguu mmoja, wa pili siuoni. Nikasema, labda daktari huko alikotoka waligusia na haya."

Balozi wa nyumba kumi akacheka. "Ndyamukama, ng'ombe wako naye anataka kupimwa na Ulaya? Mletee na kitanda, basi."

Watu wakacheka. Alistidia hakucheka. Pua na mguu mmoja: vidole vyake vilijua kabla yake. Maji ya moto, sabuni, kamba. Mabuti yalikuwa chini ya kitanda chake, yamefungwa ndani ya gazeti. Akamtazama mama yake. Klaudia alikuwa ananyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka.

"Sijui mambo ya ng'ombe, tata," Alistidia akasema, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani.

Ndyamukama akainama kidogo. "Nisamehe, daktari. Ni shida tu iliyonisemesha." Akavaa kofia, akaondoka.

Mchana kutwa ng'ombe alilia ng'ambo ya migomba. Kila alipolia Bibi Joviana alipandisha sauti, ili mazungumzo yasikatike. Karibu na jua kuzama kukawa kimya.

Asubuhi alikuja Kokuhirwa, mke wa Ndyamukama, na furushi la jani la mgomba. Alipiga magoti, akaeleza kwamba waliona heri wamchinje kuliko kumngoja afe, na kwamba mumewe amesema kipande cha paja kiende kwa daktari, kwa kuwa ni mgeni na bado hajala cha kwao. Klaudia alishukuru kwa maneno mazuri. Aliipika ile nyama na ndizi, akapakua.

Alistidia aliinua kipande kimoja, akakirudisha. Akanawa, akatoka bila kuaga.

Alimkuta Ndyamukama akifagia zizi ambalo halikuwa tena na ng'ombe. Akapiga magoti kwenye samadi ile ile, na safari hii hakuna aliyemzuia.

"Tata, mimi nasomea ng'ombe. Jana nilijua la kufanya."

Mzee aliendelea kufagia, kisha akaacha.

"Ulijua?"

"Nilijua. Mguu ulikuwa umekunjika nyuma. Nimekwisha kuwatoa wengi namna hiyo."

"Na ndama angepona?"

Alitamani kudanganya. "Jana ulipokuja, nadhani angepona. Wote wawili."

Ndyamukama aliegemeza ufagio ukutani. Alitazama upande wa nyumba ya Klaudia, paa la bati likimeta katikati ya migomba. Alistidia alingoja matusi, aliyataka.

"Inuka," akasema mzee. "Nenda nyumbani. Na haya usimwambie mtu mwingine. Mwalimu Karugendo alinifundishia wanangu, na mama yako hana kingine zaidi ya jina lake. Mimi sitasema."

Hakumpa mkono. Akachukua ufagio wake, akaendelea pale alipoishia.

Nyumbani Klaudia alikuwa bado mezani, sahani yake haijaguswa, mafuta yameanza kuganda juu ya nyama. Alitazama magoti ya binti yake, yaliyokuwa na samadi.

"Umekwenda kumwambia nini?"

Alistidia akavuta kiti, akakaa mbele ya sahani yake.

"Nimekwenda kumshukuru kwa nyama," akasema, akaanza kula.