Kikombe cha Anti Wambui

Wiki jana, kliniki ninakofanya kazi, mgonjwa alitoka chooni akanipa kikombe cha mkojo. Kilikuwa baridi, ilhali mkojo wa sasa hivi huwa na joto. Papo hapo nikarudi kwenye chumba chetu cha mtaa wa Najma, ughaibuni, nikiwa mtoto mdogo, Ijumaa moja alasiri.

Anti Wambui, aliyefanya kazi za nyumbani mtaa wa Al Sadd, alikuwa amelala kwenye kochi letu. AC ilikuwa imezimwa, chumba kinanuka jasho na chapati, naye alitetemeka chini ya blanketi huku ameshika kiuno.

Mama, ambaye ni nesi, alimpa kikombe. "Kojoa humu nipime. Hayo si maumivu ya kupiga deki."

Anti alinivuta chooni. Mkono wake ulikuwa moto. "Kojoa badala yangu," alininong'oneza. "Bosi akijua ninaumwa atanirudisha Kenya. Usimwambie mamako."

Nilidhani ni mtihani anaouogopa. Nikamfanyia.

Mama alichovya kijiti cha kupimia, akakitazama sana. "Ni safi kabisa," alisema, akikunja uso. Anti alifumba macho. Mama akaenda kumtafutia tembe za maumivu.

Nami, baada ya kusikia nimefaulu, sikuweza kunyamaza. "Ni wangu!"

Mama aliangusha tembe, akampigia baba simu. "Leta gari sasa hivi!"

Hospitalini walikuta maambukizi yameshafika kwenye figo. Anti alipona, lakini kwa muda mrefu hakunisemesha. Niliamini ananionea wivu kwa kufaulu.

Wiki jana nilifunga mlango, nikamrudishia yule mgonjwa kikombe chake.

"Una mtoto nyumbani?" nikamuuliza.