Sanduku Lililojaa Majina

Waliokuwapo ni hawa. Bibi mwenye nyumba, mjane, ambaye marehemu mumewe ndiye aliyeijenga ile nyumba ya Kariakoo. Mangi, Mchaga aliyepanga chumba cha mbele akakifanya duka. Mangi si jina lake, ndivyo sisi wa pwani tulivyomwita kila mwenye duka aliyetoka Kilimanjaro. Mama Mangi, mkewe, shoga yangu. Kaka yangu mkubwa, tumbo moja, yeye akikaa Kisarawe lakini sauti yake ikikaa kwangu. Karani wa posta, ambaye hakuwa ndugu wala jirani wa mtu. Na mimi, mpangaji wa chumba cha mwisho, kile kinachopakana na choo, mke wa mtu aliyekuwa mbali. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na ya watoto wao mmoja baada ya mwingine walivyozaliwa. Sitayaandika. Wengine wana wajukuu mjini hapa, na mambo ya nyumba ni ya nyumba.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu wa kike, anayefanya kazi ofisini huko Mchafukoge. Juzi alikuja amenuna. Barua pepe za ofisi yao zilikuwa zimegoma kuingia. Kila ikija moja inarudishwa kwa aliyeituma, mashine inasema haina pa kuiweka.

"Na nafasi ipo, bibi! Hata nusu haijajaa!"

Wakafuta mapicha, wakafuta mafaili makubwa makubwa, wapi. Mpaka fundi alipokuja kuwaeleza kwamba mashine ile ina kikomo cha idadi. Kila barua, hata iwe ndogo kama punje, inataka mstari wake kwenye orodha, na mistari ilikuwa imekwisha.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. "Hiyo naijua," nikamwambia. "Hiyo nusura inivunjie ndoa."

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Mume wangu alikuwa dereva wa greda, wakijenga barabara huko bara. Barabara haikai mahali pamoja. Ikisogea, na kambi inahama, na kambi ikihama na anwani inabadilika. Kwa hiyo mimi sikuweza kumwandikia mpaka yeye aniandikie kwanza, anijulishe yuko wapi. Na nyuma ya bahasha alikuwa haandiki kitu. Aandike nini, na wiki ijayo wamehama?

Mjini kwetu barua hailetwi mlangoni. Inakwenda posta, inaingia kwenye sanduku, na mwenye ufunguo anaifuata. Masanduku yalikuwa haba kama sukari. Nyumba yetu nzima ilitegemea sanduku la Mangi. Akirudi posta husimama mlangoni pa duka na kuita majina, nasi tunatoka uani na mikono yetu ya unga. Nilikuwa nasoma elimu ya watu wazima jioni, kwa sababu sikutaka barua za mume wangu zisomwe na mdomo wa mtu mwingine. Yeye kwa kunihurumia akawa anaandika kwa herufi kubwa, kama zile za kwenye gunia la sukari. Barua yake ukiiona huiulizi ya nani.

Basi zikakatika. Kwanza nikasema kambi inahama. Kisha nikasema anaumwa. Kisha nikaacha kusema. Mangi anaita majina, langu halimo, narudi kwenye vitumbua vyangu. Wapangaji wenzangu wakaanza kuniamkia kwa upole, na upole wa wapangaji ni habari mbaya.

Kaka akashuka kutoka Kisarawe. Hakukaa hata kwenye mkeka.

"Mwanamume akinyamaza amesema," akaniambia.

"Kaka, labda barua zimepotea."

"Zimepotea zake tu? Mwezi mtukufu huo unaingia. Idi isikukute hapa. Nitakuja kukuchukua, tuende kwa shehe, akutoe kwa mtu huyo uwe huru."

"Na nikimngoja?"

"Umngoje hadi lini? Mpaka barabara ifike Kongo?"

Alikuwa ananipenda, kaka yangu. Ndiyo maana maneno yake yaliniuma. Nilijua akija na wazee sitaweza kuwakatalia, kwa kuwa sikuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha.

Shoga yangu mama Mangi ndiye aliyekataa. Tulikaa naye kwenye ngazi ya duka, akasema, "Mwanamume anayemwandikia mkewe herufi kubwa vile hachoki ghafla. Nyie wa pwani mnapenda msiba kabla ya maiti."

"Na nyie wa mlimani mkiona maiti mnauliza sanda mita ngapi."

"Ndiyo! Kwanza tujue mita. Hizo barua ziko wapi?"

Mumewe akadhani sanduku limejaa. Yeye alikuwa akiletewa makaratasi ya bei za serikali, magazeti, matangazo ya ushirika, yote makubwa, yote yamekunjwa. Akaanza kwenda posta kila siku na kulikomba sanduku mpaka linabaki bati tupu. Barua hazikuja. Akasema basi ni mwizi, akabadilisha kufuli kwa gharama yake, akinung'unika njia nzima. Barua hazikuja.

Hapo nikaanza kuwaza. Mimi kichwa changu hakina kitu ila watu. Nikawapitisha wa nyumba yetu mmoja mmoja: nani anapata barua, nani hapati. Mangi anapata. Bibi mwenye nyumba anapata zake za kodi ya kiwanja. Fundi cherehani aliyehamia mwaka niliohamia mimi hapati, na alikuwa akipata. Vijana wawili wa bandarini waliokuja baada yetu hawapati. Nikamwambia mama Mangi, "Wa zamani wanapata. Wapya hatupati."

"Kwani barua inajua nani kahamia lini?"

"Sijui. Twende."

Tukachukua ufunguo. Posta ilikuwa imejaa watu, foleni ya kaunta imetoka mpaka nje. Mama Mangi hakuitazama. Akafungua sanduku la mumewe, ndani mna gazeti moja na bahasha mbili, nafasi tele. Akainama akachungulia. Sanduku lile upande wa nyuma lilikuwa wazi, kwa kuwa huko ndiko makarani walikotilia barua. Akaona mkono unapita.

"Hodi!" akaita ndani ya sanduku.

Mkono ukasimama. "Nani huyo?"

"Sisi wenye sanduku."

"Ndugu, maswali ni kaunta."

"Kaunta kuna foleni. Hapa hakuna."

Tukasikia mtu anacheka, kisha uso ukashuka ukatokea kule mwisho, kijana mwenye miwani. Nikamweleza shida yangu. Akaniuliza jina, nikamtajia. Akatazama chini kidogo, chini ya tundu la sanduku kwa upande wake, akatikisa kichwa.

"Humu hayumo."

"Kwenye nini?"

Akatueleza. Kwa upande wao kila sanduku lilibandikwa karatasi yenye mistari, na kwenye mistari yaliandikwa majina ya watu wanaolitumia. Karani aliyemtangulia alikuwa mzee, alitujua sote, akitazama namba tu anatia. Mzee alistaafu. Huyu alipoingia akaambiwa afuate majina, maana barua zilikuwa zikifika mikononi mwa wasiohusika. Jina lisilokuwapo kwenye karatasi, barua inarudishwa kwa mwandishi. Kama mwandishi hakuandika anwani yake, inatiwa kwenye gunia, na gunia linaondoka mwisho wa mwezi.

"Lakini sanduku halijajaa!" akasema mama Mangi.

"Barua hazijajaa, ndugu. Majina ndiyo yamejaa."

Nikamuuliza kama kwenye gunia mna barua zangu. Akaondoka. Tukasikia makaratasi yanachakurwa. Aliporudi akasema, "Zipo. Tena si moja."

"Za herufi kubwa kama za gunia la sukari?" mama Mangi akauliza.

"Hizo hizo."

Sijui mkono wangu ulinitoka saa ngapi. Nilijikuta nimeutumbukiza ndani ya sanduku mpaka kwenye kiwiko.

"Ndugu, toa mkono," karani akasema taratibu. "Siwezi. Mwenye sanduku afute jina moja, atie sahihi, hapo nitakuandika wewe na zote nitaziweka humu leo leo."

"Si umwandike pembeni?" mama Mangi akamwambia.

"Hii si kanga, ndugu, ikaandikwa pembeni."

"Basi tupe sanduku jingine."

"Kuna watu wanangoja masanduku tangu sijaajiriwa."

Tukarudi kwa Mangi. Karatasi ile alikuwa akiijua, ila kwa kuwa yule karani mzee hakuifuata alidhani haina kazi. Akafikiri, akihesabu majina kwa vidole. Marehemu wote alikwisha kuwafuta na kubandika wengine. Waliobaki walikuwa ndugu zake wanaomletea na kupelekewa mali, na kila mmoja barua zake zinakuja. Bibi mwenye nyumba yumo. Kisha akasita. Limo jina moja ambalo tangu alipokodi sanduku halijapata barua: la mtoto wa pekee wa bibi, aliyeondoka kuwa mpishi kwenye meli ya kigeni. Miaka ya mwanzo, kabla ya sanduku hili, aliandika. Kisha kimya.

"Ndilo la kutoa," Mangi akasema. "Lakini mimi simwambii. Nampenda, tena ndiye mwenye nyumba wangu."

Nikaenda mwenyewe. Alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Nikampa shikamoo, akaniitikia, nikakaa chini nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie. Hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe.

"Kwa hiyo mumeo aingie, mwanangu atoke."

"Sikusema hivyo, bibi."

"Hujasema. Umekuja ukakaa tu."

Akausukuma ungo pembeni, akaenda kutawadha, na adhana ilikuwa bado.

Nilikaa pale na ule mchele nusu umechaguliwa. Niliona bora niende Kisarawe. Mama Mangi akanijia juu: "Jina tu lile! Kijana mwenyewe hayupo!" Nikamwambia jina tu ndilo alilobakiwa nalo. Mimi mume wangu alikuwa amenyamaza miezi, na nilikwisha kuona jinsi watu wanavyoanza kumsema kwa wakati uliopita. Yule mama alikuwa amekaa na kimya cha namna hiyo miaka, na hakuna aliyempigia hodi kwenye sanduku.

Asubuhi yake nikakuta bibi amekaa barazani, amevaa buibui.

"Mwite Mangi afunge duka. Twende posta."

Tukakatiza sokoni, yeye mbele, wachukuzi wa mikokoteni wakimpisha. Kwenye sanduku akainama kwa shida, akapiga hodi kama tulivyomwambia.

"Mwanangu," akamwambia karani, "ikija barua imeandikwa Mama fulani," akataja jina la mwanawe, "utaitia humu?"

"Jina lake lipo hapa, bibi. Nitaitia."

"Basi futa la kwangu."

Mangi akaruka. "La kwako? Akikuandikia je?"

Bibi akamgeukia. "Wewe kwenu mtoto anamtaja mama yake jina? Huyu tangu aanze kusema hajawahi kulitamka langu. Barua zake zote alizoniletea aliandika Mama fulani, jina lake mwenyewe. Hilo likiwapo mimi nimepata barua yangu. La kwangu lina kazi gani?"

"Barua za kodi ya kiwanja zitarudishwa!"

"Hao ndio wanaonijua kwa jina. Waache wahangaike."

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Mangi akatia sahihi. Nikasikia kalamu inakwaruza upande wa pili, kisha karani akanisomea jina langu herufi kwa herufi, nikamwambia ndiyo, ndilo. Na barua zikaanza kusukumwa, moja, nyingine, nyingine, zinateleza juu ya bati mpaka mkononi mwangu.

Niliikimbilia ya mwisho. Nikaisoma polepole pale pale, nimeegemea ukuta. Aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Alisema kama nimerudi kwetu nimwambie tu, hatakasirika, na akaandika anwani ya kambi yao mpya. Nilimjibu siku ile ile. Hata dua ya safari niliisomea barua ile, kama vile barua ni mtu.

Kaka alikuja kabla ya Idi kama alivyoahidi, na mzee mmoja nyuma yake. Nikawakalisha mkekani, nikamwekea barua zote mapajani.

"Mwanamume akinyamaza amesema," nikamkumbusha.

Akazisoma zote, hata zisizomhusu. Kisha akauliza kama kuna kitumbua cha kufuturia.

Mume wangu alirudi, tukazaa, tukahamia Temeke. Lakini kabla hatujahama, kila Mangi alipotoka posta, bibi alikuwa anatoka na kusimama mlangoni. Mangi akimaliza kuita majina, bibi anarudi ndani. Nilikuwa nikiitwa mimi, kwenye mstari wake, na yeye amesimama pale ananisikia.

Hapa ndipo kumbukumbu yangu inaponitatiza. Mke wa fundi cherehani alikuwa akisema kwamba baada ya sisi kuhama ilikuja barua, imeandikwa Mama fulani, stempu yake ya kigeni, na bibi aliipokea kwa mkono wake. Mama Mangi akakana mpaka anakufa, akisema ingekuja yeye ndiye angeiona wa kwanza. Mimi nimeandika kwamba mtoto yule alinyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyoona mimi. Kama kuna aliyekaa nyumba ile baada yetu na akaiona ile bahasha, aje anisahihishe. Na kama jambo jingine nimelikosea, asahihishe na hilo, lakini aanze na hilo la bahasha.