Mtani Aliyechelewa Geita

Masanja alinialika kwao mara nyingi kiasi kwamba nilizoea kumjibu bila kuinua macho kitabuni. Tulikuwa tukisomea shahada ya pili Dar es Salaam, tukilala chumba kimoja. Yeye Msukuma wa Geita, mimi Mzaramo wa Kisarawe. Kwa kuwa makabila yetu ni watani, hatukumaliza siku bila kutukanana. Alidai kwamba sisi wa pwani hatujawahi kuona jiwe, tumeona mchanga tu. Kwao, alisema, kuna majabali yaliyobebana kama watoto na mama zao, kuna magofu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, na kuna kilima ambacho ukisimama juu yake unaliona ziwa, kila siku ya Mungu. Alikwenda likizo akiwa mzima. Telegramu iliyonijulisha kwamba malaria ilimpanda kichwani ilinifikia baada ya maziko. Ndipo nilipoitika mwaliko wake: nilitaka kumpa mama yake pole kwa kinywa changu, na kuyaona hayo mawe.

Ndani ya garimoshi sikuzungumza na mtu. Nilikuwa nikitunga maneno ya rambirambi. Kutoka Morogoro hadi Dodoma nilipima kama inafaa kusema "mwenzangu" au "ndugu yangu". Tulipopita Tabora nilikuwa nimefuta yote na kuanza upya. Abiria wa mbele yangu alinikaribisha kipande cha kuku, nikakikataa kwa adabu nyingi mno, naye akageukia dirisha.

Shinyanga nilishuka asubuhi. Mji umekaa kwenye tambarare pana, reli upande mmoja, malori ya pamba yakisubiri upande wa pili. Nilifikia kwa Mzee Salehe, muuza vitambaa anayefahamiana na baba yangu, ambaye babu zake walitoka pwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza ninakokwenda. Nilipomweleza, aliitazama tai yangu.

"Mzaramo unakwenda msibani kwa Wasukuma umevaa hiyo? Watakuvuta nayo kama ng'ombe."

Nilimjibu kwamba msiba huu haukuwa wa mzaha. Alinimiminia kahawa.

Alasiri nilitembea peke yangu hadi kwenye majabali nje ya mji. Masanja hakuongeza chumvi. Jiwe kubwa kama ghala limekaa juu ya jiwe dogo, na katikati yao mwanga unapita. Niligeuka kusema jambo, kisha nikakumbuka kwamba hapakuwa na wa kuambiwa. Nililizunguka jabali lile nikijaribu kukadiria uzito wake, kwa kuwa sikujua jambo jingine la kufanya mbele yake.

Kesho yake nilipanda basi la Geita kupitia Kahama. Vumbi jekundu lilitufunika wote rangi moja. Nilifika jua likielekea kushuka, nikaelekezwa kwenye nyumba ya bati kando ya shamba la mihogo. Mlangoni alisimama Luhende, mjomba wa Masanja, mtu mrefu mwenye kofia ya majani.

"Huyu ndiye yule Mzaramo?" alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Tumezika peke yetu, ninyi mnatafuna nazi huko. Umefuata wali wa matanga? Umekwisha."

Mama Masanja alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilinichanganya. Niliinama, nikatoa maneno yangu yote bila kukosea hata moja: masikitiko makubwa, pengo lisilozibika, mapenzi ya Mungu. Nilipoinua uso, tabasamu halikuwapo.

"Ahsante, mgeni," alisema, akarudi jikoni.

Nilipewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa, nikala peke yangu. Neno "mgeni" nililigeuza kila upande, nisilione kosa langu.

Asubuhi Luhende alinipandisha kilimani. Tulipita magofu ya mgodi: misingi ya saruji iliyomezwa na majani, magurudumu yenye kutu. Bondeni wachimbaji wadogo walikuwa wakiponda mawe na kuyaosha kwenye karai. Kileleni nilitazama kaskazini.

"Ziwa liko wapi?"

"Kule."

"Naona ukungu tu."

"Siku nyingine huonekana."

"Masanja aliapa kwamba linaonekana kila siku. Mwongo mkubwa."

Luhende alicheka, kisha akanishika bega.

"Maneno hayo ndiyo ungekuja nayo jana."

Alinieleza nilichokijua tangu utotoni, nami nikadhani kimebaki kwa wazee: kwamba msibani mtani ndiye anayemwigiza marehemu na kuwalazimisha wafiwa kucheka, na kwamba msiba usiotaniwa hukaa kifuani. Siku ya maziko hawakumpata Mzaramo hata mmoja. Dada yake, Mama Masanja, alisema kuna mmoja Dar es Salaam, atakuja. Akaningoja.

"Ukamsomea maneno ya ofisini. Ameona umemkana mwanawe."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba. Mama Masanja alikuwa akipepeta unga karibu, hakuinua kichwa. Nilivua tai. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitalia, na mtani haruhusiwi kulia kwanza.

"Masanja," nilisema, "ziwa lako nimelitazama. Ni ukungu. Na mawe yenu yamebebana kwa kukosa pa kukaa, kama ulivyokuwa ukilala kitandani kwangu na viatu vyako, kwa sababu chako ulikijaza mashati machafu."

Ungo ulinyamaza. Nilijilaza chali mchangani kando ya kaburi, nikakoroma kama alivyokoroma: mvumo mrefu, kimya cha kutisha, halafu mlio mdogo wa filimbi.

Mama Masanja alicheka akiwa ameziba mdomo. Kisha akaondoa mkono, akacheka wazi, na machozi yakamshuka.

"Ndivyo hivyo," alisema. "Hiyo filimbi. Tangu mdogo."

Nami nikalia, nikiwa bado nimelala chali.

Siku ya kuondoka niliichukua kofia ya Masanja ukutani bila kuomba, kama ilivyo haki ya mtani. Mama yake aliniita mwizi hadi barabarani. Basi lilipoanza kuunguruma alisogea dirishani.

"Ukifa, Mzaramo, walete habari mapema. Nitakuja mwenyewe kukutukana."

Nilirudi kwa reli ileile. Nilichojifunza ni kidogo: nilikuwa nimebeba pole iliyopimwa vizuri, ilhali walichohitaji kwangu ni nafasi yangu ya mtani, ambayo hakuna mwingine angeijaza. Chumbani godoro lake lilikuwa limekunjwa. Niliitundika kofia juu ya kitanda chake, nikaketi kwenye changu, nikamwambia kwamba hata kofia yake inanuka.